Cheti Unacho, CV Yako Haisemi

Masika yakianza kukatika mwezi wa tano, hoteli na kambi za Arusha hujaza nafasi haraka haraka kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika. Maombi huingia kwa barua pepe, mafungu kwa mafungu. Anayeyasoma mara nyingi ni mtu mmoja mwenye shughuli nyingine tele mezani, na tangazo lake analo kichwani: fundi umeme, NVA (cheti cha taifa cha ufundi stadi) Level 3, leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) iliyo hai, anayejua sola na jenereta. Macho yake yanatafuta hayo tu. Asipoyaona ukurasa wa kwanza, hayasaki ukurasa wa nne.

Hapo ndipo alipokwama fundi mmoja kijana wa Majengo, Moshi. Tunafuata safari yake kwa sababu alipitia karibu kila shimo tunaloliona kwa waombaji wa kanda hii. Vyeti alikuwa navyo. Alituma maombi Njiro, Usa River, mpaka Karatu, na hakuna aliyempigia. Akabaki na maneno ya kijiweni, kwamba kazi siku hizi ni za kujuana. Kujuana kupo, asikudanganye mtu. Ila ile CV, hata kama shangazi yake ndiye angekuwa meneja, angepata taabu kujua kijana amesomea nini.

Ilikuwa na kurasa tano. Sehemu ya vyeti ilipangwa hivi, kila kimoja na mstari wake: cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, cheti cha kidato cha nne, cheti cha umeme VETA, cheti cha kompyuta, semina ya ujasiriamali, OSHA, EWURA, leseni ya udereva. Basi. Hakuna mwaka, hakuna ngazi, hakuna namba, hakuna tarehe ya kuisha. Kile kilichotakiwa na tangazo kilikuwa cha nne na cha nane, kimefinywa katikati ya semina na cheti cha kuzaliwa.

Kazi ya kwanza haikuwa kuandika. Ilikuwa kutoa makaratasi yote kwenye bahasha na kuyatandika kitandani. Ukiyaangalia vizuri utaona hayafanani. Kuna vyeti vya elimu ya jumla, vile vya NECTA, Baraza la Mitihani. Kuna vyeti vya ujuzi, vinavyosema ulijifunza fani, ukapimwa, ukafaulu. Kuna leseni na usajili, ambazo si masomo bali ni ruhusa ya kufanya kazi, na karibu zote zina mwisho wake. Halafu kuna karatasi za mahudhurio: ulikaa ukumbini siku moja au mbili, ukapewa karatasi yenye nembo. Kosa la kijana, kama la wengi, ni kuvichanganya vyote kwenye kapu moja, msomaji akashindwa kujua kipi ni kipi. Cheti cha kuzaliwa hakikai kabisa kwenye orodha hiyo. Hicho ni kiambatisho, unakitoa kikiombwa.

Tukae kidogo kwenye cheti cha ufundi, maana hapa watu wanaumia bila kujua. Mfumo wa zamani wa VETA ulikuwa wa majaribio ya ufundi kwa madaraja: Grade III ndiyo ya chini, Grade I ndiyo ya juu. Mfumo wa sasa, NVA, umegeuka: Level 1 ndiyo ya kuanzia, Level 3 ndiyo ya juu. Sasa fundi mwenye Grade I akiandika tu “VETA, I”, msomaji kijana aliyezoea NVA anamwona ni mwanafunzi wa ngazi ya kwanza. Na mwenye Grade III akiandika “VETA III”, anaitwa kwenye usaili kwa sifa asiyokuwa nayo, kisha anatoka ameinama. Andika neno lenyewe lililochapwa kwenye cheti, Grade au Level, pamoja na namba yake. Juu ya NVA zinafuata ngazi za NTA, yaani tuzo za vyuo vya ufundi: 4 na 5 ni astashahada, 6 ni stashahada. Aliyetoka Chuo cha Ufundi Arusha na NTA Level 6 aandike hivyo hivyo. Neno “diploma” peke yake limechoka. Limeshabebeshwa hata kozi za wiki sita.

Jina la fani nalo linakiliwa kama lilivyo. Kama cheti kimechapwa kwa Kiingereza, usikipe jina jipya la kukipamba. Anayehakiki atapiga simu chuoni kuuliza jina lile lile uliloandika, na karani akisema kozi hiyo hatunayo, maombi yako yameishia hapo.

Mstari uliotimia una vitu sita: jina la cheti na ngazi, fani, aliyekitoa, mwezi na mwaka, namba ya cheti au leseni, na tarehe ya kuisha kama ipo. Wa kijana ulikuwa unasema “cheti cha umeme VETA”. Baada ya kurekebishwa ukawa:

NVA Level 3, Ufungaji wa Umeme – VETA Moshi – Desemba 2019 – Cheti Na. (namba yake)
Leseni ya ufungaji umeme, EWURA – Daraja D – Na. (namba yake) – inaisha (mwezi na mwaka)

Mistari miwili. Ila msomaji sasa anajua kijana ni wa ngazi gani, anaruhusiwa kufanya kazi ya kiwango gani, na leseni itaisha kabla au baada ya msimu. Herufi ya daraja usiiache. Leseni za EWURA zina madaraja kadhaa na kila moja lina mipaka yake ya kazi, kwa hiyo ukiandika “nina EWURA” umesema kitu kile kile kama dereva anayesema “nina leseni” bila kutaja kama ni ya abiria au ya gari dogo la nyumbani.

OSHA ilileta mjadala wake. Hapa kwetu OSHA ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Marekani nako kuna taasisi yenye kifupi hicho hicho. Watu wanasoma kozi za mtandaoni zenye jina la ile ya Marekani, wanaandika “OSHA” tupu, na mwajiri anadhani ni ya kwetu. Si lazima awe na nia mbaya mwombaji, ila ikigundulika ukumbini inaonekana kama ujanja. Taja nchi, taja kozi yenyewe (huduma ya kwanza, kufanya kazi kwenye kimo, au nyingineyo), taja siku au saa za mafunzo. Cha kijana kilikuwa cha huduma ya kwanza. Kwa kazi ya fundi kwenye kambi iliyo mbali na hospitali hicho ni kitu kizito, na alikuwa amekizika kwa herufi nne.

Semina ya ujasiriamali ilitoka. Alibisha, maana aliilipia na cheti chake kina rangi nzuri. Lakini kila mstari usiojibu tangazo unamchelewesha msomaji kufika kwenye ule unaojibu. Kozi fupi zinazogusa kazi zinabaki, chini kabisa, chini ya kichwa kidogo cha “Mafunzo mafupi”, na kila moja na muda wake: siku 2, saa 40. Usiogope kuandika siku 2. Anayeficha muda ndiye anayetiliwa shaka.

Kuhusu wapi pa kuviweka, kanuni yetu ni hii: tangazo likitaja cheti au leseni kama sharti, kinapanda nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, chini tu ya jina na mawasiliano, kabla hata ya uzoefu. Lisipokitaja, kinashuka chini ya elimu. Maana yake CV moja haitumwi kila mahali. Kijana akiomba kazi ya fundi matengenezo, EWURA inakaa juu na leseni ya udereva chini. Akiomba ile ya fundi anayeendesha gari la kampuni kwenda kambini, leseni ya udereva inapanda pamoja na daraja lake. Ni kazi ya dakika kumi, na wengi hawaifanyi.

Lakini cheti peke yake, hata kikiwekwa juu, ni karatasi. Kinachokipa uzito ni sehemu ya uzoefu kukionyesha kikifanya kazi. Kijana alikuwa ameandika “nilifanya kazi za umeme kwenye ujenzi”. Alipoulizwa hasa alifanya nini, yakatoka mambo: alifunga swichi ya kubadilisha umeme kati ya TANESCO na jenereta, alipima ukinzani wa ethi kabla ya kuunganisha, alibadilisha betri na invata za mfumo wa sola. Haya ndiyo ya kuandika, kwa maneno hayo hayo, chini ya kazi aliyoyafanyia. Msomaji anaona Level 3 juu, anashuka anaikuta ina mikono.

Kwa waongoza wapanda mlima hali ni hiyo hiyo, na tarehe inauma zaidi. Kampuni za Moshi zinazopandisha wageni hadi Uhuru, mita 5,895, huangalia leseni ya kuongoza, halafu huduma ya kwanza ya porini, hasa ile inayoitwa WFR (Wilderness First Responder), kozi ya saa kama 70 hadi 80. Cheti chake kina muda. Kikikaribia kwisha kuna kozi fupi ya kuhuisha. Ukikiacha kikapitwa sana, unaweza kulazimika kurudia kozi nzima na kulipa ada nzima. Tunaona CV zimeandikwa “WFR” bila mwaka, na asilimia kubwa ya hizo, ukiuliza, cheti kilishaisha. Kisifichwe. Andika kilitolewa lini, kiliisha lini, na kama umeshajiandikisha kuhuisha, taja mwezi. Mwajiri anayepanga safari za Julai anaweza kukusubiri hadi Juni. Asichoweza ni kugundua geti la Marangu au Machame kwamba karatasi yako imekufa.

Mafunzo ambayo hayajaisha yanaandikwa kuwa hayajaisha: “naendelea, natarajia kumaliza Novemba”. Mhasibu aliyefaulu hatua ya kati ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, aandike hatua hiyo na mwaka aliofaulu. Zile herufi CPA(T) nyuma ya jina ni za aliyemaliza na kusajiliwa. Vivyo hivyo “Eng.” mbele ya jina, iache mpaka Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikupe. Vyeti vya kompyuta vya kimataifa navyo vina umri: CCNA ya Cisco, kwa mfano, hudumu miaka mitatu. Vingi vina namba au kiungo cha kuhakiki. Kiweke, kinamaliza maswali.

Kuna aliyewashauri wenzake kijana wenye Level 2 waandike ngazi ya juu kuliko waliyo nayo, eti hakuna anayehakiki. Wanahakiki. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wameshatumikia miaka na miaka. Sekta binafsi haina ripoti kama hiyo, ila simu moja chuoni inatosha, na watu wa utumishi wa hoteli za hapa wanafahamiana vizuri kuliko waombaji wanavyodhani.

Kwenye majina ndiko alikotoa jasho. Cheti cha kidato cha nne kilimwita Emanuel, cha VETA kikamwita Emmanuel, na kitambulisho cha NIDA kikaongeza jina la babu ambalo vyeti havina. Yeye aliona ni herufi tu. Mfumo wa kompyuta hauoni hivyo, na wakili anayegonga muhuri naye anasita. Tofauti ndogo ya tahajia huwa inatatuliwa kwa kiapo unachokula mbele ya wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Jina lililobadilika kabisa, kwa ndoa au kwa sababu nyingine, linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Yote mawili yana gharama na yanakula muda, kwa hiyo yafanye kabla tangazo halijatoka. Ukisubiri tangazo lenye siku 14, utakuwa unakimbizana na muhuri badala ya kuandika CV. Na kwenye CV yenyewe tumia jina moja tu, lile la NIDA, kisha weka maelezo mafupi kwamba cheti fulani kina tahajia nyingine na kiapo kipo.

Nakala. Kopi ya kawaida mjini ni shilingi 100 au 200 kwa ukurasa, si tatizo. Kinachokula hela ni muhuri wa wakili wa kuthibitisha kwamba nakala ni sawa na halisi, maana wengi hutoza kwa kila cheti na bei inapishana ofisi na ofisi. Uliza kwanza, na upeleke vyeti vinavyohitajika tu. Kampuni binafsi nyingi hazitaki muhuri huo hatua ya kwanza. Soma tangazo kabla ya kulipa. Na ukienda, beba halisi. Wakili makini hathibitishi kopi ya kopi.

Halafu kuna laminesheni. Wazazi wetu walivipigia vyeti plastiki kwa mapenzi, na leo plastiki hiyo inarudisha mwanga wa kamera, muhuri wa kubonyeza hausomeki, na maandishi ya pembeni yanapotea. Kisichopigwa usikipige; kiweke kwenye faili la plastiki la kuchomeka. Kilichokwishapigwa usijaribu kukibandua, utakichana. Peleka steshenari yenye skana ya mezani, epuka kukipiga kwa simu chini ya taa. Hakikisha kona zote nne zinaonekana na namba ya cheti inasomeka ukikuza. Kila cheti kiwe PDF yake na jina linaloeleweka, jina la ukoo kwanza, kisha cheti, kisha mwaka. Faili linaloitwa “scan0003 mpya mwisho kabisa” linaudhi zaidi ya unavyofikiri.

Kama unaomba serikalini, kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mambo yanabadilika. Pale CV nzuri haikuokoi kama kiambatisho si sahihi. Matangazo yao husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita, matokeo ya muda na barua za chuo za kuthibitisha masomo havikubaliwi: wanataka cheti chenyewe. Barua ya maombi iwe na saini. Waliosoma nje, vyeti vyao vya sekondari viwe vimehakikiwa na NECTA na vya chuo kikuu na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa kanda yetu hili si jambo la mbali: wapo wengi waliovuka Namanga au Holili kusoma sekondari Kenya, wana KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, safi kabisa, na wanakatwa kwa kukosa karatasi moja ya ulinganifu. Namba ya mtihani nayo iandikwe kamili, ile inayoanza na S kwa waliokuwa shuleni au P kwa watahiniwa wa kujitegemea, pamoja na mwaka. Ukikosea tarakimu moja, umeambatisha matokeo ya mtu mwingine.

Kama cheti kimepotea, anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha nenda kwa aliyekitoa. Kwenye CV endelea kukitaja, na useme nakala mbadala imeombwa.

CV mpya ya kijana ilikuwa na kurasa mbili. Alipigiwa simu na hoteli moja ya Arusha, akapanda basi alfajiri, maana kilomita 80 za barabara ile si za kuziamini ukiwa na usaili saa tatu. Alibeba halisi zote kwa mpangilio ule ule wa CV, cha kwanza juu. Hili dogo lina faida kubwa: mhoji anaposoma mstari wa pili, wewe unatoa karatasi ya pili bila kupekua. Aliulizwa tarehe ya leseni, akaulizwa kuhusu Emanuel na Emmanuel, akatoa kiapo. Kisha wakampeleka nyuma kwenye chumba cha jenereta wakamwambia aeleze anachokiona. Hapo vyeti vilikuwa vimeshamaliza kazi yao.

Mwishoni katibu alimwomba aache bahasha. Aliacha nakala, akarudi na halisi zake. Fanya hivyo siku zote, hata ukiambiwa utazipata kesho. Na nakala unazotuma kwa watu usiowafahamu, hasa hao mawakala wa WhatsApp wanaokusanya vyeti “kwa ajili ya kampuni kubwa” bila kuitaja, zipitishie maandishi ya mshazari: kwa maombi ya kazi tu, jina la mwajiri, tarehe. Namba ya NIDA usiiweke kwenye CV ya sekta binafsi, itaombwa ukishaajiriwa.

Leseni ikihuishwa wakati unasubiri majibu, usitume maombi upya. Jibu juu ya barua pepe ile ile uliyotuma mwanzo, ambatisha PDF mpya, na uandike sentensi moja: leseni yangu imehuishwa, tarehe mpya ya kuisha ni hii.